Mikono Inayojifunza: Kazi ya Vikundi Vidogo katika Mafunzo ya Kumsaidia Mtoto Mchanga Kupumua

Mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua hamsubiri mkunga akumbuke alichosoma chuoni. Tangu anapotoka tumboni mwa mama yake, ipo takriban dakika moja ambayo ndani yake ama awe ameanza kupumua mwenyewe, ama awe ameanza kusaidiwa kwa mfuko wa hewa na barakoa. Wakufunzi wa huduma za uzazi huiita Dakika ya Dhahabu. Watoto walio wengi hulia na kupumua bila msaada wowote. Takriban mtoto 1 kati ya 10 huhitaji kusaidiwa kwa namna fulani. Wengi wa hao huitikia wanapokaushwa na kusuguliwa mgongo, na wachache waliosalia ndio huhitaji kusukumiwa hewa mapafuni. Wachache hao ndio ambao uhai wao hutegemea mkono wa mtu aliyesimama mbele yao wakati huo.

Uzito wa dakika hiyo umepimwa nchini Tanzania. Watafiti waliofuatilia uzazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walionesha mwaka 2012 kwamba, kwa watoto waliohitaji kusukumiwa hewa, kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Sekunde 30 ni muda wa kutafuta barakoa iliyowekwa kabati lisilo lake, au wa watu wawili kuulizana nani aanze.

Karibu kila mhitimu wa kozi ya uuguzi na ukunga akiulizwa katika mtihani ataje hatua za kumsaidia mtoto huyo, atazitaja. Swali gumu ni kama mikono yake itazitenda saa nane usiku, mama akilia, na msaidizi akiwa mmoja. Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Makala haya yanaeleza jinsi kazi ya vikundi vidogo inavyoweza kuziba pengo kati ya kujua na kutenda: darasani, wodini, na hata kwenye mabenchi ya kliniki ambako mama naye ni mwanafunzi.

Pale hotuba inapoishia

Hotuba ina nafasi yake. Mkufunzi mmoja anaweza kuwaeleza wanafunzi 100 kwa wakati mmoja kwa nini mapafu ya mtoto mchanga huhitaji hewa ya kwanza ili yafunguke, na maelezo hayo ni ya lazima. Lakini hotuba humwacha mwanafunzi akiwa mtazamaji. Anaandika, anatikisa kichwa, anaona kwamba ameelewa. Hakuna kinachomlazimisha kugundua kwamba hajaelewa, wala mkufunzi hana njia ya kujua hadi siku ya mtihani, au siku mbaya zaidi ya hiyo.

Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha matokeo ya tafiti 225 kuhusu ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati katika vyuo. Ulilinganisha madarasa ya hotuba tupu na madarasa ambamo wanafunzi walishirikishwa kwa kujadiliana, kutatua maswali na kufanya kazi katika vikundi. Kwa wastani, waliofeli katika madarasa ya hotuba walikuwa asilimia 33.8, na katika madarasa shirikishi asilimia 21.8. Tofauti hiyo ilionekana katika masomo yote yaliyochunguzwa, ingawa ilikuwa kubwa zaidi katika madarasa yenye wanafunzi wachache.

Vyuo vya tiba vilikwisha kuliona jambo hili mapema. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, kilianza kufundisha udaktari kwa kuwaweka wanafunzi katika vikundi vidogo, kila kikundi kikipewa tatizo la mgonjwa na kutakiwa kutafuta maarifa yanayohitajika ili kulitatua. Njia hiyo ilienea katika vyuo vingi duniani. Kiini chake ni rahisi: mwanafunzi hujifunza vizuri zaidi anapolazimika kusema, kutetea, kukosolewa na kujaribu tena kuliko anapokaa kimya akisikiliza.

Funzo kutoka Haydom

Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa Helping Babies Breathe, ulioandaliwa na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na washirika wake, kwa ajili ya mahali ambapo vifaa na watumishi ni wachache. Mpango huo ulijengwa juu ya kikundi kidogo tangu mwanzo. Mwezeshaji mmoja huangalia takriban wanafunzi sita. Wanafunzi hufanya kazi wawili wawili, wakiwa na mdoli wa mafunzo unaojazwa maji ili uwe na uzito na ulegevu wa mtoto halisi. Kifua cha mdoli huinuka hewa ikiingia vizuri, na hubaki kimetulia ikiwa barakoa haijakaa sawasawa. Hakuna haja ya mkufunzi kusema, “Umekosea.” Kifua chenyewe kinasema.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuujaribu mpango huo. Matokeo ya hospitali 8 yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 47, na idadi ya watoto waliofariki tumboni muda mfupi kabla ya kuzaliwa ilipungua kwa asilimia 24.

Hata hivyo, uchunguzi wa kina uliofanyika Haydom ulifunua jambo ambalo kila mkufunzi anapaswa kulitafakari. Watumishi walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi kadhaa baadaye walipimwa tena kwa kutumia mdoli. Kabla ya mafunzo, waliofaulu zoezi la kumsaidia mtoto kupumua walikuwa asilimia 18. Baada ya mafunzo walikuwa asilimia 74. Kwa kipimo cha darasa, huo ni ushindi mkubwa. Lakini watafiti walikuwa pia wakiangalia kilichotendeka katika chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi. Huko, huduma haikubadilika kwa namna iliyotarajiwa. Ujuzi ulikuwapo mezani penye mdoli, lakini ulikuwa haujavuka mlango wa wodi.

Hospitali haikuongeza semina ndefu. Ililisogeza zoezi karibu na kazi. Mdoli uliwekwa katika chumba cha kujifungulia, na watumishi wakahimizwa na wenzao kufanya mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na marudio marefu kidogo kwa vipindi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka takriban 11 hadi takriban 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya mpango mpana zaidi uliotumia mazoezi ya namna hiyo, pamoja na vifaa na ufuatiliaji wa takwimu, katika vituo 30 vya mikoa 5 ya Tanzania. Vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000.

Funzo la Haydom lina sehemu mbili. Kwanza, mikono hujifunza kwa kushika. Pili, kushika mara moja hakutoshi. Kikundi kidogo kinachokutana mara moja kwa mwaka hotelini hakiwezi kufanya kazi ya kikundi kidogo kinachokutana kila wiki kando ya kitanda cha kujifungulia.

Kwa nini kikundi kiwe kidogo

Katika kikundi cha watu sita hakuna mahali pa kujificha. Katika kikundi cha watu kumi na tano, wanne hutenda na kumi na mmoja hutazama, na mara nyingi wanaotazama ndio wenye haja kubwa zaidi ya kutenda.

Katika kikundi kidogo kosa huonekana mapema na halimdhuru mtu. Mwanafunzi aliyezoea kuinamisha shingo ya mdoli kupita kiasi huona kifua hakiinuki, hubadili mkao wa kichwa, kisha huona kinainuka. Tangu hapo ana kumbukumbu ya kosa na ya dawa yake, na kumbukumbu hiyo hudumu kuliko sentensi iliyoandikwa daftarini.

Kueleza pia ni kujifunza. Anayemfafanulia mwenzake kwa nini mtoto hukaushwa kabla ya jambo lolote jingine hulazimika kuupanga ufahamu wake mwenyewe. Panapokosekana mpangilio, husita, na kusita huko humwonesha mahali pa kurudia.

Isitoshe, huduma ya dharura ni kazi ya watu kadhaa. Mkunga anayefanya mazoezi peke yake anajifunza kubonyeza mfuko. Anayefanya pamoja na wenzake anajifunza pia kuita msaada kwa sauti, kumwagiza mtu kwa jina, na kupokea agizo bila kuuliza mara tatu. Mambo hayo hayafundishwi na kitabu.

Mfano wa somo la dakika 60

Tuseme darasa lina wanafunzi 48, mkufunzi mmoja na midoli minne. Iwapo mkufunzi angetumia mdoli mmoja mbele ya darasa na kumpa kila mwanafunzi dakika 3, angehitaji dakika 144, na kwa kila dakika 3 wanafunzi 47 wangekuwa wakitazama. Vikundi vinane vya watu sita hubadili hesabu hiyo.

Dakika 5 za kwanza: kila mtu peke yake. Mkufunzi anaandika kisa ubaoni. Mama wa mimba ya kwanza amejifungua kwa njia ya kawaida saa nane usiku. Mtoto amelegea, halii. Chumbani wapo mkunga mmoja na mhudumu mmoja. Ni yapi yafanyike katika dakika ya kwanza, na kwa mpangilio gani? Kila mwanafunzi anaandika bila kuzungumza. Kimya hiki kina faida: kila mmoja ataingia kikundini akiwa na wazo lake, naye mpole hatamezwa na msemaji.

Dakika 5 zinazofuata: onesho. Mkufunzi anatenda kwa kasi ya kweli bila maneno, kisha anarudia polepole akitaja kila hatua. Kumkausha mtoto na kuondoa nguo iliyolowa. Kumweka katika joto. Kuangalia kama analia au anapumua. Kuuweka mkao wa kichwa sawa, kusafisha njia ya hewa pale tu inapohitajika, na kusugua mgongo. Akiwa bado hapumui, kuanza kusukuma hewa kwa mfuko na barakoa, kifaa ambacho wengi wodini hukiita ambu, kabla dakika moja haijapita. Barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua, isifunike macho. Kasi ni takriban mara 40 kwa dakika: kubonyeza kwenye “moja”, kuachia kwenye “mbili, tatu”. Kila mara jicho liwe kifuani.

Dakika 36: kazi ya vikundi, kwa awamu mbili za dakika 18. Katika awamu ya kwanza vikundi vinne huwa na midoli na vinne huwa na karatasi na vifaa. Katika awamu ya pili hubadilishana. Penye mdoli, watu sita hugawana nafasi sita. Mmoja ni mkunga. Wa pili ni msaidizi. Wa tatu huuendesha mdoli, akiamua kama utalia, utapumua au utanyamaza. Wa nne hutunza saa na kutangaza sekunde 30 na 60. Wa tano hutazama akiwa na orodha ya hatua mkononi. Wa sita ni mama, naye ana ruhusa ya kuuliza: “Mbona mwanangu halii?” Kila dakika 3 nafasi huzunguka, hivyo ndani ya dakika 18 kila mtu ameshika ambu, na kila mtu pia amelala pale mama alipolala.

Vikundi visivyo na mdoli havikai bure. Wanachama hulinganisha majibu waliyoandika, huafikiana juu ya mpangilio, kisha huulinganisha na chati ya ukutani. Baada ya hapo hukagua ambu: huiunganisha, huibana barakoa kwenye kiganja, hubonyeza mfuko na kuhakikisha kwamba hewa haivuji na vali inafanya kazi. Mwisho huelezana jinsi kifaa hicho kinavyosafishwa baada ya kutumika. Ambu nzima lakini chafu, au safi lakini iliyopasuka, ni sawa na kutokuwa nayo.

Dakika 10: darasa zima. Mkufunzi haulizi, “Mmeelewa?”, kwa kuwa jibu la swali hilo hujulikana. Huuliza kila kikundi kitaje hatua moja iliyowachelewesha na sababu yake. Kwa kawaida hutajwa mambo yale yale: barakoa isiyokaa vizuri, kusafisha njia ya hewa kwa muda mrefu bila sababu, kutoita msaada mapema. Pale ambapo kifua hakikuinuka, wanafunzi wenyewe hutaja marekebisho: kuiweka barakoa upya, kurekebisha mkao wa kichwa, kuangalia ute mdomoni, kuufungua mdomo kidogo, na kubonyeza kwa nguvu zaidi.

Dakika 4 za mwisho: kila mtu peke yake tena. Anarudi kwenye karatasi yake ya mwanzo na kuandika jambo moja ambalo sasa angelifanya tofauti. Karatasi hizo, zikikusanywa, humweleza mkufunzi zaidi ya mahudhurio.

Somo hili halichukui nafasi ya mafunzo kamili wala ya mwongozo wa taifa. Ni mfano wa jinsi saa moja inavyoweza kugawanywa ili mikono 96 itende badala ya miwili.

Dakika tano wodini

Kwa watumishi walio kazini, mpango huo hupungua na kuwa mwepesi zaidi. Wakati wa makabidhiano ya zamu, watu wawili au watatu husimama mahali palepale ambapo watoto husaidiwa, mmoja hutangaza kisa kwa sentensi moja, na saa huanza kuhesabu. Zoezi huisha ndani ya dakika mbili au tatu. Dakika zinazobaki ni za maswali mawili: Nini kimekwenda vizuri? Nini tungefanya tofauti? Zoezi la namna hii hufundisha pia jambo ambalo halikukusudiwa: mara nyingi hugundulika kwamba taa haiwaki, barakoa ndogo haipo, au nguo kavu zimewekwa chumba kingine. Ni heri upungufu huo ugunduliwe na mdoli.

Vikwazo vinavyojulikana

Kikwazo cha kwanza ni muda. Zahanati yenye mtumishi mmoja kwa zamu haiwezi kuunda kikundi cha watu sita. Lakini watu wawili ni kikundi, na mhudumu asiye mkunga anaweza kufundishwa kutunza saa, kuleta nguo kavu na kupiga simu kuomba msaada. Siku mtoto atakapozaliwa bila kulia, huyo ndiye atakayekuwapo.

Kikwazo cha pili ni heshima. Mtumishi wa miaka ishirini kazini huona haya kukosea mbele ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Haya hiyo haiondolewi kwa amri. Huondoka pale mkuu wa wodi anapokuwa wa kwanza kushika mdoli, akakosea, akacheka, akarudia. Kanuni mbili husaidia: kinachosemwa katika zoezi kisitumike kumsema mtu kwingine, na mtazamaji aeleze alichokiona, asihukumu. “Barakoa ilikaa juu ya macho” ni maelezo. “Hujui kushika barakoa” ni hukumu, na aliyehukumiwa hatakuja wiki ijayo.

Kikwazo cha tatu ni msemaji mmoja kuteka kikundi. Kuzungusha nafasi kwa saa huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Kilichobaki ni kazi ya mwezeshaji, ambaye akiona mtu hajasema humuuliza yeye kwanza, kwa upole na kwa jina.

Kikwazo cha nne ni kosa kuenea. Vikundi vinavyoachwa bila usimamizi vinaweza kukubaliana juu ya jambo lisilo sahihi na kulishika kwa uthabiti. Kwa hiyo kikundi kidogo hakimwondolei mkufunzi kazi, kinaibadili. Badala ya kusimama mbele, anazunguka, anasikiliza, na anaingilia pale kosa linapotaka kuota mizizi. Orodha ya hatua iliyochapishwa, mkononi mwa mtazamaji, ni ulinzi wa pili.

Mama naye ni mwanafunzi

Yaliyosemwa kuhusu watumishi yanawahusu pia wale wanaohudumiwa. Asubuhi katika kliniki nyingi za wajawazito, muuguzi husimama mbele ya mabenchi yaliyojaa na kutoa elimu ya afya. Huuliza, “Tumeelewana, akina mama?” Mabenchi hujibu kwa pamoja, “Ndiyo.” Jibu hilo ni la adabu, si kipimo cha kuelewa.

Historia ya Tanzania ina mfano mkubwa wa njia nyingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza nchini kote. Kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma kijitabu, kikajadili malaria, kichocho, minyoo au kifua kikuu kama yalivyo kijijini kwao, kisha kikaamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa na madimbwi yakafukiwa na watu walewale waliokuwa wamekaa pamoja kujadiliana. Redio peke yake isingechimba choo.

Huko Makwanpur nchini Nepal, vikundi vya wanawake vilivyokutana kila mwezi kujadili matatizo ya uzazi na kupanga hatua za kuchukua vilifuatiliwa kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Vifo vya watoto wachanga katika maeneo yenye vikundi vilikuwa chini kwa asilimia 30 kuliko katika maeneo yasiyo navyo. Baada ya tafiti nyingine katika nchi kadhaa, Malawi ikiwemo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo mwaka 2014 hasa kwa maeneo ya vijijini yenye huduma haba.

Kliniki inaweza kuanza kwa jambo dogo. Muuguzi akiwa na wajawazito 30 wanaosubiri, awaombe wageukiane watano watano. Kila kikundi kipewe swali moja: mtoto mchanga akiwa nyumbani, ni dalili gani zinazotaka apelekwe kituoni leo hii bila kungoja kesho? Baada ya dakika chache, kila kikundi kitaje kilichokubaliana, na muuguzi ajaze kilichosahaulika: mtoto asiyenyonya vizuri, aliyepata degedege, anayepumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, ambaye kifua chake hubonyea ndani sana anapovuta pumzi, mwenye joto kali au aliyepoa mwili, aliyelegea asiyejisogeza ila akiguswa, na mwenye rangi ya manjano, hasa ikifika viganjani na nyayoni au ikijitokeza siku ya kwanza. Kisha kila mama amweleze jirani yake, kwa maneno yake mwenyewe, dalili atakazozikumbuka na usafiri atakaoutumia usiku. Mama aliyesema kwa kinywa chake “nitamwita fulani mwenye bodaboda” ameondoka na mpango. Aliyejibu “ndiyo” ameondoka na kadi yake tu.

Mgonjwa au mama asiyeelewa ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kusema: “Naomba nikueleze nilivyoelewa, unisahihishe.” Mtumishi mwema huifurahia sentensi hiyo, kwa sababu humwonesha wapi maelezo yake yalipopotea.

Hitimisho

Kazi ya vikundi vidogo si mapambo ya ufundishaji wala njia ya kumpumzisha mkufunzi. Ni namna ya kuhakikisha kwamba kila mtu anayehesabiwa kuwa amefundishwa amewahi kutenda kile alichofundishwa, mbele ya macho ya wenzake, na zaidi ya mara moja. Kikundi kiwe kidogo kiasi cha kila mkono kushika. Kazi iwe halisi na yenye muda. Kosa lisemwe bila aibu. Zoezi lirudiwe, tena karibu na mahali pa kazi. Mtoto asiyelia hatauliza mkunga alipata alama ngapi chuoni. Atahitaji mikono iliyokwisha kuifanya kazi hiyo wiki iliyopita.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kituo chenu, ambu na barakoa ya mtoto mchanga viko wapi sasa hivi? Nani alivikagua mara ya mwisho, na lini?

2. Ni saa ngapi katika zamu yenu zinaweza kupatikana dakika tano kila wiki kwa ajili ya zoezi, na nani atakuwa wa kwanza kulianzisha?

3. Mama akiuliza, “Mbona mwanangu halii?” wakati mkunga ana kazi mikononi, nani atamjibu, na kwa maneno gani?

4. Katika elimu ya afya mnayotoa au mnayopokea asubuhi, ni lini mara ya mwisho msikilizaji aliombwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe?